Siku Shangazi Aliponikatalia Jina la Jeshi

Wadogo zangu, ninyi marubani ambao bado mmevaa magwanda na mnanipigia simu hapa Baraka, mji wetu wa kando ya ziwa, kuniuliza habari za kampuni za ndege, swali lenu la kwanza huwa ni lile lile: "Papa, saa ngapi za kuruka zinatosha?" Nami najibu kwa swali: "Pasipoti unayo?" Juma lililopita luteni mmoja alinicheka kabisa. "Papa, mi naendesha ndege. Pasipoti ni ya bapasaje, bale tunabeba!"

Nilicheka naye, maana maneno ya namna hiyo niliwahi kuyasema mimi mwenyewe, tena mbele ya mtu ambaye sikupaswa kuyasema mbele yake.

Mtu huyo aliitwa Madame Bijou. Ndiye aliyepokea wafanyakazi wapya katika kampuni ya ndege niliyoitaka, kule Kinshasa. Nilikuwa na miaka arobaini na mbili. Ishirini kati ya hiyo nilikuwa nimeendesha ndege za mizigo za jeshi: maharagwe, askari, majeneza, mbuzi wa jenerali mmoja, na siku moja kinanda cha kanisa ambacho kililia chenyewe kila tulipoingia kwenye mawingu. Niliingia biro, ofisini kwake, na viatu vinavyong'aa. Akasoma daftari langu la safari za anga, akatikisa kichwa kwa kuridhika, kisha akanyoosha mkono.

"Kapiteni, pasipoti."

Nikafungua mkoba, nikatoa karatasi ya jeshi ya kuniamuru safari, ile tunayoiita ordre de mission, yenye mihuri minne. Niliiweka mezani kama mtu anayetandaza kitenge kipya.

Madame Bijou aliisoma hadi chini. Akavua miwani, akafuta macho kwa pembe ya leso. Kumbe alikuwa anacheka.

"Kapiteni, hii karatasi inasema uende Kisangani kupeleka mataili."

"Madame, kwa karatasi hiyo nimezunguka inchi yote. Hakuna fasi walinirudisha."

"Nakuamini. Lakini simulateri iko inchi ya inje. Huko banangojea pasipoti, si mataili."

Simulateri ni mashine ya mazoezi: chumba cha rubani kizima, kimesimama juu ya miguu ya chuma, na hakiruki popote. Kila kampuni humtuma huko rubani mpya kabla ya kumkabidhi abiria. Madame Bijou akanieleza masharti polepole, kama anayemweleza mgonjwa namna ya kumeza dawa. Pasipoti iwe ya kawaida, ya raia. Muda uliobaki upite miezi sita kuanzia siku ya safari. Iwe na kurasa tupu za kugongea viza. Na majina yaliyomo yafanane na majina ya lisansi, yaani leseni, ya urubani na ya cheti cha daktari, herufi kwa herufi.

"Kiti chako kwenye simulateri ni kimoja tu," akasema. "Inabakia miezi mbili na nusu. Kama hauko tayari, namupatia mwingine."

Nilitoka pale nikijiambia miezi miwili na nusu inatosha kujenga nyumba. Sikujua kwamba jina langu lenyewe lingetaka muda wake.

Msinishangae. Rubani wa jeshi anaishi kama mtoto wa chifu: mipaka inafunguliwa na wengine. Mkubwa anatia sahihi orodha ya wanaoruka, orodha inatumwa kwa simu, nasi tunatua. Mara moja tu orodha ile haikututosha. Ukungu ulitufungia njia, mafuta yakapungua, tukatua uwanja wa nchi jirani bila kutazamiwa. Hawakututendea ubaya. Walituweka siku tatu katika chumba cha wazima-moto wa uwanja, tukanywa chai yao na kucheza karata, mpaka barua ya jenerali wetu ikafika. Niliyekuwa naye ni Shabani, mwenye cheo cha ajida, fundi wa ndege yetu, mwana wa ziwani hapa hapa, mtu wa swala tano na mzaha mwingi. Siku ya tatu alitupa karata zake mezani.

"Kapiteni, leo jenerali ametuandikia. Siku tukiacha kazi yake, nani atatuandikia?"

Nilidhani analalamika juu ya karata mbaya alizopewa.

Shabani ndiye aliyenifundisha mengi ambayo shule ya jeshi ilisahau. Kule Minembwe, juu ya milima, uwanja ni nyasi na ng'ombe hawasomi ratiba. Mara ya kwanza nilipopeleka chakula kule niliona uwanja mweupe, hakuna mnyama, nikaanza kushuka. Shabani akanigonga bega. "Pita kwanza juu, uwaamshe wachungaji, halafu urudi mara ya pili. Mama ng'ombe ametoka, lakini ndama yuko ng'ambo. Atarudi kumufuata." Nikapita juu, nikageuka, na kweli: ng'ombe watano walikuwa katikati ya uwanja, mchungaji akiwakimbiza na fimbo huku akitupungia mkono. Tangu siku ile nikajua kwamba uwanja mtupu bado haujawa tayari. Iandikeni hiyo. Na mkishaiandika, andikeni pia katika daftari kila mliporuka, siku ile ile, na mkubwa atie sahihi siku ile ile. Mimi niliacha kurasa nyingi bila sahihi, na nilipozihitaji wakubwa watatu walikuwa wamestaafu, na mmoja nilimkuta akivuna mihogo. Alitia sahihi akiwa ameegemea jembe. Doa la udongo liko hadi leo kwenye ukurasa ule.

Turudi kwa Madame Bijou. Nilipofika nyumbani nilikumbuka kitu, nikaruka kwa furaha: pasipoti ninayo! Miaka kadhaa nyuma jeshi lilikuwa limenituma masomoni, wakanipa pasipoti ya kazi, ile ya watumishi wa serikali. Asubuhi nikampelekea. Alitazama jalada tu, hata hakuifungua.

"Hii si yako, ni ya serikali. Ulipewa ya kazi yao. Ukiacha kazi yao, unairudisha."

Rafiki yangu Kapiteni Losala, ambaye naye alikuwa anatafuta kuhamia kampuni ile ile, alinipa shauri lake la haraka. Losala alikuwa rubani hodari, mrefu, wa kucheka kwa sauti, na kwa kila mlango uliofungwa alikuwa na dirisha la kupitia. "Ndeko, ndugu yangu, ifiche. Sema ilipotea. Mtu hawezi kujua."

Shabani alikuwa amekwisha kustaafu wakati huo, alikuwa na duka la vipuri vya pikipiki hapa Baraka. Nilimpigia simu. Akanijibu huku akihudumia mteja: "Irudishe. Na usitoke pale bila karatasi ya kuonyesha umerudisha."

Nilimsikiliza Shabani. Nilirudisha pasipoti ile, nikadai karatasi, nikangojea nusu siku nzima kuipata kwa sababu hakuna aliyekumbuka lini mtu alirudisha kitu mara ya mwisho. Baadaye, nilipoomba pasipoti ya raia, kijana wa kwenye kompyuta aliinua uso: "Hapa inaonekana uko na pasipoti ingine." Nikamwekea karatasi ile mbele. Akaisoma, akagonga vidole mara mbili, akasema, "Tuendelee." Dakika moja. Ningekuwa nimesema ilipotea, ningetumwa polisi, na polisi wangenituma jeshini, na jeshini wangeniuliza ilipoteaje.

Sasa barua ya kuachiwa na jeshi. Hiyo iombeni kwanza, kabla ya kitu kingine chochote, maana hamwezi kuwa askari asubuhi na mfanyakazi wa kampuni jioni. Nilikaa kwenye ubao wa nje wa biro ya wakubwa hadi walinzi wakaanza kunipa zamu ya kushika kikombe chao cha chai. Ilichukua karibu mwezi. Nilipoipata, ilisomeka vizuri: Kapiteni Munga Wilondja Etienne anaachiwa kwa heshima.

Munga. Kumbukeni neno hilo.

Ili kuomba pasipoti nilihitaji cheti cha kuzaliwa, nami nilizaliwa Lubondja, kijiji cha milimani juu ya Baraka. Basi nikaja huku. Ndege hadi Bukavu, gari hadi Uvira, na kutoka Uvira boti ya mbao hadi Baraka, nimeketi juu ya gunia la chumvi, kapiteni mzima. Kwenye biro ya vitambulisho karani alinipokea vizuri. Akafungua kabati, akafunga.

"Papa, kitabu cha mwaka wako hakiko. Vita ilipita na vitabu."

"Sasa nifanye nini?"

Akanielekeza mahakamani, kwa hakimu, pamoja na mashahidi. "Uende tribunali na bashuhuda. Muzuzi atatoa hukumu yenye kusimama pa nafasi ya cheti. Tafuta muntu mwenye kukujua tangu kuzaliwa."

Mtu huyo alikuwa mmoja tu aliyebaki: shangazi yangu Atosha, dada wa baba. Baba alikufa nikiwa darasa la pili, na shangazi ndiye aliyenilea kwa mihogo yake na kwa ulimi wake. Alikuwa na miaka zaidi ya sabini lakini aliteremka kutoka Lubondja kwa pikipiki, amefunga kilemba, ameshika furushi la unga mapajani, akimfokea mwenye pikipiki kwamba anaendesha kama maiti.

Kabla hajafika, Losala alikuwa amenipigia simu kutoka Kinshasa, na hapo ndipo jambo lilipogeuka.

"Lisansi yako imeandikwa namna gani?" akaniuliza.

"Munga."

"Na jina la kuzaliwa?"

"M'munga."

"Unaona? Herufi hazifanani. Ukileta cheti cha M'munga, utabadilisha lisansi, cheti cha daktari, barua ya jeshi, vyote. Kiti kimepotea. Lakini kitabu cha kuzaliwa hakipo, si ndiyo? Basi waambie wazuzi umezaliwa Munga. Shangazi aseme ndiyo. Kwisha!"

Niwaeleze jina hilo lilikatikaje. M'munga ni jina la babu yangu, na kwa Kibembe, lugha yetu, unalianza kwa kufunga midomo kidogo kabla ya kulitoa. Siku nilipoandikishwa jeshini, mwandishi alikuwa na mashini ya kuchapa ambayo kitufe cha apostrofi, ule mkia mdogo wa juu, kilikuwa kimevunjika. Nilimwambia, "Ni M'munga." Akanitazama kutoka juu hadi chini. "Hapa utaitwa kile mashini inaweza." Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, nyuma yangu kuna mstari wa watu sitini, nikasema sawa. Tangu siku hiyo kila karatasi ilinakili ile ya kwanza, hata lisansi.

Basi nilimkuta shangazi kwenye nyumba ya binamu alikofikia. Alikuwa anachekecha unga. Nikapiga magoti nikamsalimu, nikamweleza habari ya simulateri, ya kiti kimoja, ya herufi.

"Kwa hiyo, shangazi, kesho muzuzi akiuliza jina, sema Munga tu. Bila ile ya mbele. Ni karatasi tu. Hapa nyumbani nitabaki M'munga."

Alichekecha. Unga ukateremka.

"Umekula?" akaniuliza.

"Nimekula."

Hakusema neno lingine. Mimi, rubani wa miaka ishirini, niliyefundishwa kwamba uwanja mtupu bado haujawa tayari, nilichukua kimya chake kuwa ndiyo.

Asubuhi tuliingia tribunali. Muzuzi alikuwa mwanaume wa umri wangu, mpole, mwenye mafua, leso mkononi. Chumba kilijaa watu wenye kesi zao za mashamba na mbuzi, wote wakisikiliza yetu kwa sababu yao ilikuwa bado. Shangazi akaapa. Muzuzi akamuuliza nilizaliwa lini.

"Wakati bapadri balikuwa banaweka mabati ya kanisa. Siku ya mabati ya mwisho."

Katekista mzee aliyekuwa shahidi wa pili akathibitisha mwaka wa mabati. Karani akaandika.

"Mama, unajua namna gani huyu ni yeye? Alitoka hapa kijana, amerudi muntu mukubwa."

"Iko na alama. Alipokuwa mutoto aliikalia sufuria ya mafuta ya mawese, ilikuwa moto. Iko na kovu." Akanigeukia. "Muonyeshe."

"Shangazi!"

"Kovu iko fasi gani, mama?" muzuzi akauliza.

"Muheshimiwa, alikaa na nini?"

Chumba chote kilipasuka kwa kicheko. Mwanamke mmoja wa kesi ya mbuzi alilazimika kutoka nje. Muzuzi alijificha nyuma ya leso yake muda mrefu kuliko mafua yake yalivyohitaji, kisha akasema tribunali inapokea neno la mama bila kuangalia. Nami nilikuwa nacheka, nikiona mambo yanakwenda, nikihesabu kichwani siku za kurudi Kinshasa.

"Basi jina lake ni Munga Wilondja Etienne, kama hapa imeandikwa?"

Shangazi akaweka mikono yake magotini.

"Hapana."

Nilidhani hakusikia. Nikainama, nikamnong'oneza, "Shangazi, ile ya jana."

"Nimesikia ya jana." Alisema kwa sauti, hata wa nje wakasikia. "Muheshimiwa, mi sikulea Munga. Munga njo nani? Ndugu yangu alizala M'munga."

Muzuzi akanitazama mimi, kisha yeye. "Mama, tofauti ni kidogo. Mutoto wako anasema karatasi zake zote ziko Munga. Kwa nini unakatala?"

Ndipo shangazi alipoeleza kitu ambacho hakuwa amewahi kuniambia, wala mimi sikuwahi kumuuliza.

Vita ilipotutawanya, yeye alivuka ziwa pamoja na majirani, akafika kambi ya wakimbizi ng'ambo. Mimi nilikuwa upande mwingine wa nchi na jeshi, hakuna simu, hakuna barua. Alipita kwa kila aliyekuwa na orodha ya majina. Siku moja kambini alikuja mtu mwenye orodha ya askari waliokuwa hai. Shangazi hakujua kusoma. Alikaa mstari wa mbele, akasikiliza majina yote, tangu asubuhi.

"Alisoma, alisoma," shangazi akasema. "Alisema kuko Munga Wilondja; ba Wilondja beko bengi. Nikamuuliza, uko na M'munga? Akasema hapana, M'munga hayiko. Nikamwambia asome tena. Akasoma tena. M'munga hayiko." Alinyoosha kidole kwangu bila kunitazama. "Nikarudi kwa hema. Nikanyoa kichwa. Nikaketi matanga ya huyu, siku saba, bamama bakaniletea kuni. Miaka mbili nilimuomboleza. Kumbe alikuwa ndani ya liste ile, na mimi nilimupita juu ya kale kamukia kamoja! Sasa leo anataka niape kama kamukia kale hakako?"

Muzuzi aliweka kalamu chini.

Mimi nilikuwa nimekwisha kumtumia habari mara tu vita ilipopoa, kupitia mfanyabiashara wa boti, na nilijua alifurahi. Matanga sikuyajua. Nilisimama pale nikiwa na aibu ya ajabu, aibu ya mtu aliyeombolezwa huku anakula maharagwe ya jeshi. Muzuzi akaniuliza kama nina neno. Nilisema, "Muheshimiwa, mama amesema kweli. Ni M'munga." Na karani wa tribunali, aliyekuwa anachapa hukumu, akauliza, "Na apostrofi?" Shangazi akajibu kabla yangu: "Na yote yake."

Nje ya tribunali nilipiga magoti tena, palepale barabarani, pikipiki zikinizunguka. Alinipiga kofi jepesi la kichwa. "Simama, utachafua suruali ya kampuni." Tukaenda kula ndakala, dagaa wa ziwani, kwa Shabani, ambaye alipotusikiliza sisi wawili alicheka hadi akaangusha boksi la plagi.

Lakini kiti kilikwenda. Nilimpigia Madame Bijou siku ile ile, kwa sababu hilo nalo nataka mlijue: habari mbaya ipelekeni nyinyi wenyewe, na mapema. Nilimwambia cheti changu kitakuwa M'munga na karatasi tatu zinapaswa kubadilishwa.

"Kapiteni, nampatia Losala kiti."

"Ndiyo, Madame."

"Lakini umenipigia mbele ya muda. Nakuandika kwa kiti cha nyuma yake."

Nikaanza kazi ya kufukuza karatasi. Barua ya jeshi ilisahihishwa kwanza, kwa nguvu ya hukumu ya Baraka. Kisha pasipoti ikatoka. Kisha daktari. Kisha lisansi, ambayo ilinichukua muda mrefu kuliko zote. Fuateni mpango huo: msingi uwe jina la kuzaliwa, pasipoti ijengwe juu yake, na mengine yote yaifuate pasipoti. Msijenge kutoka juu kushuka. Na mkiipata pasipoti msishtuke mkiona ile mistari miwili ya chini kabisa, ya kusomwa na mashine, imeandikwa MMUNGA bila apostrofi. Mashine huiruka. Mimi nilikimbia kurudi dirishani jasho likinitoka, nikidhani ile mashini ya jeshi imefufuka. Dada wa dirisha la pasipoti aliniambia, "Papa, tazama juu, juu iko sawa. Ya chini ni ya mashine kuongea na mashine ingine." Tiketi nayo hutoka hivyo. Ni kawaida.

Losala, je? Siku ya safari alifika uwanjani na koti jipya, akajipiga picha, akaenda kaunta. Pasipoti yake ilikuwa nzuri, majina yamefanana yote. Ila ilikuwa imebakiza miezi minne. Aliwaambia anakwenda wiki tatu tu. Wakamwambia sharti ni miezi sita. Akatafuta dirisha, na safari hii dirisha halikuwepo. Kiti chake cha simulateri kilikaa kitupu siku hiyo, na yeye akarudi nyumbani kwa teksi na koti lake. Aliponieleza alikuwa anacheka tayari; huyo ndiye Losala. "Ndeko," akasema, "mimi nilihesabu herufi zako nikasahau kuhesabu miezi yangu."

Baada ya miezi mitatu vilipatikana viti viwili, naye akiwa na pasipoti mpya, tukaenda pamoja. Katika simulateri niliteseka siku za kwanza. Nilikuwa nimezoea kutazama nje, kutafuta mto, mlima, moshi wa kijiji. Kule nje hakuna kitu, ni picha tu, na mwalimu anakuzimia injini huku anakunywa kahawa. Mkono wangu ulitaka kufanya yote peke yake, kijeshi, na mwalimu akanirudia kila saa: sema unachofanya, mwenzako asikie. Siku ya sita nilianza kusema. Siku ya kumi na mbili nilipita. Losala alipita siku hiyo hiyo, akanibeba begani hadi kwenye ngazi.

Siku hizi mambo yamekuwa mepesi kwa upande mmoja. Fomu mnajaza kwenye simu, alama za vidole zinachukuliwa kwa kioo, picha haibandikwi kwa gundi. Lakini kompyuta nayo inanakili kama yule mwandishi wa mashini alivyonakili. Ukiiachia kosa moja mbele, itakupa mia nyuma. Soma jina lako kwa sauti kabla hujatia sahihi. Wakikuharakisha, soma tena.

Safari yangu ya kwanza ya kampuni, kwenda nje ya nchi na abiria, nilikaa kiti cha kulia, msaidizi, nikiwa na miaka arobaini na tatu. Kiti cha kushoto alikaa kapiteni mwanamke, wa umri wa miaka thelathini na kitu. Alitua laini kabisa. Abiria wakashuka, tukachukua mikoba yetu, tukaenda kwenye dirisha la uhamiaji. Yeye alipita. Nikaweka pasipoti yangu.

Ofisa wa nchi ile aliifungua kwenye ukurasa wa picha, akanitazama, akatazama tena. Akaniuliza kwa Kiswahili cha kwao, kilichonyooka:

"Kazi yako?"

Swali dogo. Lakini kwa miaka ishirini, kwa kila mlinzi, kwa kila kizuizi cha barabarani, kwa kila ofisa, jibu langu lilikuwa limetoka kabla swali halijaisha: askari. Mdomo ulifunguka wenyewe. Nikaufunga. Ofisa akainua nyusi, akidhani sikuelewa.

"Unafanya kazi gani, mzee?"

"Rubani," nikasema. Nikaona halikutosha, nikaongeza: "Naendesha watu."

Akagonga muhuri. "Karibu sana."

Nilibaki nimesimama pale, natazama wino ukikauka, hata wa nyuma yangu akaanza kukohoa. Ng'ambo ya kizuizi kapiteni wangu alikuwa ameshika mkoba wake, akanipungia mkono.

"Papa, tuende! Basi ya kampuni iko inatungojea sisi tu."

Jeshini, basi lilikuwa linaningojea mimi hata nikichelewa, na askari ananibebea mkoba. Nilichukua mkoba wangu mwenyewe, nikakimbia.